Karatasi ya Ishirini na Nne

Sanduku la Mama tulilifungua siku moja baada ya arobaini yake, na kitu cha kwanza kututokea hakikuwa kanga wala hati ya kiwanja, kilikuwa harufu ya bajia. Asiyetujua atasema natia chumvi. Lakini ilikuwa bajia kweli: bizari, kitunguu saumu, na mafuta yaliyokaangiwa mara ya tatu. Ilitoka ndani ya bahasha ya kaki alimoweka vyeti vyetu vya kuzaliwa. Katikati ya cheti changu na cha Kaka Hamadi palikuwa na karatasi moja ya daftari, imekunjwa mara nne, imegeuka manjano na kukauka kama papadi ya juzi. Niliifunua juu ya goti. Chini ya maneno machache nikaona mstari, juu ya mstari namba, chini ya mstari namba pamoja na herufi j, na mikato miwili miwili ya kalamu nyekundu. Nikaketi. Nilikuwa nimeketi tangu mwanzo, lakini niliketi tena, kama mwanafunzi aliyesikia jina lake likitajwa na mwalimu mkuu.

Nyinyi wa rika langu mtaielewa harufu hiyo. Siku hizi kila kitu hutiwa katika mifuko ya kaki, safi, haina neno la kusoma. Sisi tulikula bajia zilizofungwa kwa madaftari ya watu. Ulitafuna huku ukisoma insha ya mtu kuhusu ajali aliyoishuhudia, ukifika penye utamu karatasi imekwisha, na mwisho wa ajali uko kwa mteja mwingine. Mimi ndiye niliyewakatia ajali hizo katikati. Ilikuwa kazi yangu.

Mama alikaanga bajia na viazi vya karai hapa hapa Tiwi, kando ya njia iendayo shuleni. Kila mwisho wa mwaka waliomaliza shule walimletea madaftari yao ya zamani, naye akayatia katika gunia nyuma ya mlango wa jiko. Mimi nikayatoa pini moja moja, nikayachana karatasi kwa rula ili ukingo uwe sawa, nikazipanga. Watoto wenzangu walikuwa nje wakicheza kati, wakikwepa mpira, mimi niko ndani na rula yangu. Nilikuwa wa darasa la tano na tayari nilishaamua kwamba dunia imejaa mbwa, watu wanaouliza maswali, na mbuzi wa jirani ambaye mpaka leo nashikilia kwamba alikuwa na kinyongo nami. Kaka Hamadi aliniita Kobe. "Kobe, leo umefika mlangoni? Hongera. Kesho tutajaribu ngazi." Sikukasirika. Kobe angalau ana nyumba yake.

Jambo jingine la kuelewa ni kwamba nyumba yetu ilikuwa ya kunong'ona. Baba alikuwa askari wa zamu ya usiku katika hoteli moja ya Diani, kwa hiyo mchana alilala, na mchana wetu wote ulipita kwa sauti ya chini. Tuligombana kwa kunong'ona. Tulicheka tukiwa tumefunga midomo kwa kanga. Koti lake la kazi lilining'inia kwenye msumari nje ya mlango wa chumba, na kila siku fungu la kwanza kutoka karaini lilikuwa lake: Mama alilifunga, akalitia katika mfuko wa koti, ili akienda zamu awe na cha kutafuna. Hakuna aliyegusa koti lile. Tulilipita kwa ncha za vidole kana kwamba nalo limelala.

Mwaka huo Kaka Hamadi alikuwa akisomea ufundi wa umeme katika chuo ng'ambo ya kivuko. Alishika kila kitu isipokuwa karatasi ya hesabu, ambayo aliifeli. Chuo kikampa nafasi ya kurudia mara moja, na ikawa wazi kwetu sote kwamba akianguka tena anarudi nyumbani na waya zake. Mama Njeri, jirani yetu kutoka bara aliyefanya kazi ya kufua katika hoteli hiyo hiyo ya Baba, alikuwa ameshatuambia kwa moyo mwema kabisa, "Pale kwetu wanatafuta kijana wa kukunja mashuka. Akikosa huko, si aje tu?" Aliposema hivyo Kaka alitabasamu kwa adabu, halafu akaenda nyuma ya nyumba akakaa na ndoo ya maji mbele yake muda mrefu bila kunawa. Nilimwona kupitia dirishani. Mimi nilikuwa mtu wa madirisha.

Alirudi nyumbani wiki moja kabla ya mtihani ili asome. Alikuwa na daftari moja tu, la kurasa arobaini na nane, alimokuwa amenakili mifano yote ya mwalimu wake muhula mzima. Kitabu chenyewe cha hesabu hakuwa nacho. Alikaa kwenye mkeka karibu na jiko, akajisemea kwa kunong'ona kama sisi sote: "Haitakiwi chini. Juu ikae, chini hapana. Itoke."

"Ni nini hiyo?" nikamwuliza.

"Hii j."

"Ni namba?"

"Ni namba isiyokuwako."

"Kama haiko, mbona inakusumbua?"

Akaniangalia kwa jicho ambalo nadhani mwalimu wake alimwangalia nalo. "Kobe," akasema, "rudi gambani." Lakini baadaye akalainika akanionyesha. Ukiwa na hesabu ya sehemu, na chini ya mstari pana tatu jumlisha j mbili, huwezi kuiacha hivyo. Mwalimu hakubali. Lazima uzidishe juu na chini kwa kitu fulani, na j ya chini inaondoka, panabaki namba ya kawaida ya watu wazima. Kitu gani hicho unachozidisha, sikukishika. Nilikuwa nikitazama mkono wake. Ulikuwa ukiandika na kufuta, ukiandika na kufuta, na Kaka Hamadi alikuwa mtu aliyeweza kushika waya wenye umeme huku akipiga mluzi.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Jumamosi asubuhi Kaka aliondoka kwenda kunyoa. Daftari alikuwa amelisomea jikoni akingoja chai, akaliacha juu ya gunia. Nilipokuja na rula yangu, lilikuwa la kwanza kukutana na mkono wangu. Nililijua ni lake, sitadanganya. Nikalifungua. Na kila ukurasa ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu. Mkato hapa, mkato pale, katikati ya kila hesabu, miwili miwili. Katika darasa letu wino mwekundu ulikuwa na maana mbili tu: alama ya vyema, au mkato. Vyema ni ndege anayeruka. Mkato ni wewe kusimama hadi kengele. Nilipindua kurasa zote arobaini na nane nikitafuta ndege mmoja tu. Hapakuwa na ndege.

Moyo uliniuma kwa ajili yake. Nikasema, kumbe hili ndilo daftari alilofelia. Analibeba la nini? Ndiyo maana mkono wake unaandika na kufuta: anasoma makosa yake mwenyewe kutwa kucha. Bila shaka daftari jipya liko chumbani, hili ni la kumtia simanzi. Nikaona nitamfanyia wema, na mtoto anayeona wema hapimi mara mbili. Nikatoa pini. Nikaweka rula. Zikatoka karatasi ishirini na nne, ukingo sawa kabisa, nikazipanga kuanzia ya kwanza.

Mama alikuja kuzichukua. Hakusoma sana, madrasa na miaka miwili ya shule, lakini alikuwa na sheria zake mbili: karatasi yenye herufi za Kiarabu haifungiwi chakula, na daftari la mtu anayesoma bado haliguswi. Akaishika ile ya juu, akaiangalia.

"Hili nalo limekwisha?"

"Limekwisha, Mama. Yote ni makosa."

Akaziweka karibu na karai.

Kaka alirudi adhuhuri, kichwa kinang'aa. Alitafuta juu ya gunia, chini ya gunia, nyuma ya gunia. Kisha akaona karatasi tisa zilizobaki kando ya karai na mwandiko wake juu yake. Hakupiga kelele, Baba alikuwa amelala. Alichuchumaa tu, akashika kichwa kile kipya kwa mikono miwili, akanong'ona, "Mama. Daftari langu. Mama, mtihani ni Jumatatu."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilipaswa kutoka wakati huo. Nilitoa mguu mmoja, wallahi, nakumbuka hata ubaridi wa sakafu ulivyokuwa. Mama akaniona mguu. Akaniona uso. Akamgeukia Kaka akasema, "Ni mimi, mwanangu. Nilidhani ni la zamani. Nisamehe."

Nikaurudisha mguu.

Hilo ndilo lililonikaa tangu siku hiyo, zaidi ya daftari lenyewe. Kaka hakumjibu Mama neno baya. Alimwangalia tu, na Mama akainamisha macho kwenye mafuta, akabeba lawama isiyo yake huku akigeuza bajia zisiungue. Nikajiambia nitasema baadaye, akitulia. Kisha nikajiambia nitasema tukizipata karatasi. Niligundua umri ule kwamba baadaye ni mahali pazuri sana pa kuishi.

Walipanga kwa kunong'ona. Kaka atakimbia kule wanakojenga, maana mafundi walinunua mafungu mengi. Mama hawezi kuacha mafuta motoni na watu wamesimama. Kisha wote wawili wakageuka kwenye mlango.

"Kobe," Mama akasema, "toka."

Nikatoka. Peke yangu, mchana, kwenda kwa watu, kuwaomba takataka zao.

Wa kwanza alikuwa Bakari fundi wa baiskeli, aliyekaa hatua hamsini kutoka kwetu, ambazo mimi nilizihesabu kama safari ya Hija. Yule mbuzi alikuwepo. Tukaangaliana, akaniachia njia, nadhani kwa mshangao.

"Loo!" Bakari akapaza sauti. "Mtoto wa Mama Hamadi ana miguu! Haya, nani kafa?"

"Shikamoo. Hakuna aliyekufa. Nataka karatasi ya bajia."

"Marahaba. Bajia nimezila."

"Karatasi."

"Mnakusanya karatasi? Mama yako amekuwa mbahili hivyo?" Lakini alipouona uso wangu aliacha mzaha. Alikuwa amezipangusia mikono yenye grisi, karatasi mbili, akazikunjua kwenye paja. "Nilijaribu kuisoma hii," akasema. "Nikasema hii lugha gani? Huyu mtu amekatwa kila mahali kama nyanya ya kachumbari."

Nikataka kumwambia mimi pia nilifikiri hivyo. Nikachukua, nikaondoka.

Mama Njeri alikuwa uani akianika. Nilipomweleza akaweka ndoo chini. "Ngai! Si hizo nilikuwa nawashia jiko?" Tukakimbia wote wawili. Alikuwa amezisokota tatu tayari chini ya makaa, kiberiti mkononi mwa bintiye. Alizipuliza majivu, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi yai. "Mwambie Hamadi pole sana. Na mwambie ile kazi ya mashuka bado iko, asijali." Alikuwa akimfariji. Akilini nilimwona Kaka amesimama katika chumba kisicho na madirisha, anakunja shuka, anakunja shuka, na kila shuka lina ukingo sawa kama niliochana kwa rula.

Nyumba tatu zilizofuata hazikuwa na kitu. Moja walikuwa wamefagia wakachoma. Nikarudi nikilia, na ili nisionekane nikilia nikapita nyuma, uani kwa Bi Mwanatumu, ambaye sikukusudia hata kumwuliza. Alikuwa mkongwe, haoni vizuri, na wajukuu wake walimnunulia bajia kila siku kwa kuwa ni laini.

"Nani huyo anayevuta kamasi?"

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Walia nini?"

Nikamwambia. Kwa sababu haoni, nilimwambia yote, mpaka ile ya kusema yote ni makosa. Kisha akanyoosha mkono ukutani, pale udongo ulipopasuka kati ya fito, akaanza kuchomoa. Karatasi ya kwanza. Ya pili. Bi Mwanatumu hakujua kusoma, kwa hiyo hakuwahi kutupa kilichoandikwa. Hujui, alisema, huenda mna jina la Mungu ndani yake, ulikanyage? Kila karatasi ya bajia iliyoingia nyumbani kwake ilifutwa kwa upindo wa kanga na kuchomekwa ukutani. Ukuta ule ulikuwa na insha za kijiji kizima. Za siku hiyo zilikuwa sita, juu kabisa, bado zina mafuta.

"Haya, bibi, asante, asante."

"Mwambie nduguyo ukweli," akasema. "Ukichelewa utaganda humo uongoni, kama hizi ukutani."

Nikasema ndiyo. Sikusema ukweli.

Kaka alirudi na tatu kutoka kwa mafundi, moja ina saruji. Tukazitandaza mkekani: tisa, mbili, tatu, sita, tatu. Ishirini na tatu. Ilikosekana moja, na ilikuwa ile ya kwanza kabisa, ambamo Kaka alikuwa amenakili kanuni yenyewe ya mwalimu, kwa maneno, unazidisha kwa nini na kwa sababu gani. Tulirudi tena majumbani, mimi na Kaka pamoja. Haikuonekana. Baba aliamka alasiri, akavaa koti lake, akatuuliza mbona tumenuna, Mama akasema joto. Akaenda zamu.

Jumapili nzima Kaka alinakili upya katika daftari jipya. Zile tisa zisizolowa mafuta zilikuwa za mwisho, za hesabu nyingine. Za hesabu hii zote zilikuwa zimelowa, na karatasi iliyolowa mafuta, mnajua, huwa kioo: ya nyuma huonekana mbele. Kistari cha kutoa cha upande huu kilikutana na kistari cha kusimama cha upande ule, kikawa jumlisha. Alinakili alichokiona. Tatu jumlisha j mbili chini, akazidisha kwa tatu jumlisha j mbili. Akafika mwisho. Akafuta. Akaanza tena.

"Haitoki," akanong'ona. "Bado iko chini. Haitoki. Nilikuwa najua, Mama, wiki hii nilikuwa najua." Akalaza kalamu. "Labda niende tu kukunja mashuka."

Mama aliweka kikombe cha chai karibu naye kisha akakisogeza karibu zaidi, kana kwamba kosa lilikuwa la umbali wa kikombe.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa mkeka, na hofu ilikuwa imenifikisha mahali ambapo mtu huangalia vitu tu bila kufikiri. Niliangalia karatasi za zamani, kisha daftari jipya. Za zamani, kisha jipya. Na nikaona kitu ambacho mtoto yeyote wa darasa la tano anayeogopa wino mwekundu angekiona.

"Kaka," nikasema, "mbona hapa hukukata?"

"Nini?"

"Kule kwote umekata katikati. Viwili viwili. Hapa hapana mkato."

"Kobe, kwa hisani yako..." Akavuta karatasi yenye saruji, akaiinua juu ya mwanga wa mlango. Akaweka kidole kwenye wino mwekundu. Jumlisha j sita, na kando yake j sita nyingine, zote zimekatwa, na namba mbili hukatana tu zikiwa kinyume. Nilimwona akipata. Sijui nieleze vipi; ni kama kuona mtu anakumbuka jina lake. Akaandika upya: tatu jumlisha j mbili, mara tatu toa j mbili. Tisa. Toa j sita, jumlisha j sita, akavikata kwa mkato wa furaha uliotoboa karatasi. Na ile j mara j ikageuka hasi, hasi kwa hasi, ikawa nne. "Kumi na tatu," akanong'ona. "Kumi na tatu! Pacha wake aliyegeuzwa alama! Hiyo ndiyo inayotoa!"

"Kwa hiyo mkato si kosa?" nikauliza, polepole sana.

"Kosa? Mkato ndio dawa yenyewe! Nilivikata kwa nyekundu ili nisisahau."

Nikamwangalia Mama. Mama akanitazama, kisha akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jumatatu alifanya mtihani. Matokeo yalikawia, na katika kukawia kwake mimi nilikonda mpaka Mama akanipeleka kupimwa malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa na mashuka. Niliyaona kila kamba ya nguo. Kila jioni niliapa kusema, na kila asubuhi Kaka alikuwa akimsaidia Mama kumenya viazi kwa upole mkubwa mno, upole wa mtu aliyesamehe, nami nikaona nikisema sasa nitaharibu mawili kwa pamoja, msamaha wake na neno la Mama. Kisha alasiri moja Kaka akaja kutoka kivukoni, vumbi mpaka magotini, akasimama katikati ya ua, akatufungulia mdomo bila sauti: Nimepita. Mama akapiga kigelegele cha kunong'ona. Mpaka leo sijasikia kingine.

Amekuwa fundi wa umeme Diani miaka yote hii, hoteli moja hadi nyingine, na mashuka hulalia tu. Mimi nilifika kidato cha nne, nikapata D ya hesabu, nikarudi gambani kwa raha zangu, na karai la Mama sasa ni langu. Nafungia kaki. Sijaweza kufungia daftari tena.

Basi siku hiyo ya sanduku nikampa Kaka Hamadi ile karatasi. Baba alikuwa chumbani. Amestaafu zamani, lakini mwili wake haukupata habari, bado hulala mchana. Kwa hiyo tulinong'ona, watu wazima wawili wenye mvi.

"Kaka, nataka kukwambia jambo. Si Mama aliyechana daftari lako."

"Najua."

"Ni mimi."

"Najua, Kobe. Nilijua siku ile ile." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi. "Mama amechana karatasi kwa rula lini? Angalia ukingo huu. Hapa Tiwi nzima ni mtu mmoja tu."

Miaka yote ile. "Mbona hukusema?"

"Mama alishasema ni yeye. Ningembishia? Halafu ulikwenda mpaka kwa Bakari kwa miguu yako, na mbuzi yupo. Nikaona umeshaadhibiwa." Akacheka kwa pua. Kisha akaigeuza karatasi, akaipeleka mbali na macho, akairudisha. "Hii ndiyo ile ya kwanza. Hii ndiyo tuliyoitafuta mpaka makaani kwa Mama Njeri. Ilikuwa wapi?"

"Mfukoni mwangu," ikasema sauti kutoka chumbani.

Tukaganda, sote wawili, kama zamani.

"Ilifungia bajia zangu," Baba akasema. "Nilizila getini nikaitazama, nikasema, maskini, mtoto wa nani huyu, amekatwa kila mahali. Nikaikunja nikairudisha mfukoni nisitupe uchafu hotelini. Mama yenu aliipata Jumanne akifua koti. Alicheka, kisha akalia, kisha akanieleza."

Fungu la kwanza. Karatasi ya kwanza. Jumapili nzima Kaka alipokuwa akilia haitoki, ilikuwa ikining'inia msumarini, hatua mbili kutoka mkekani, katika koti ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa.

"Lakini Baba," Kaka akasema, bado kwa kunong'ona, "ulikuwa umelala."

"Nani angelala?" Kitanda kikalia, alikuwa akiinuka. "Mchana kutwa psi psi psi, psi psi psi, na neno moja silishiki. Nilikuwa macho Jumamosi, nilikuwa macho Jumapili. Nikasema, wakinihitaji wataniita." Akatokea mlangoni, mkono kwenye fremu, pale penye ule msumari. "Nikangoja."